Chakula cha Wakwe Kule Tainan

Akina mama wenzangu, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na wengine mmekuja mpaka nyumbani mkijifanya mmeleta mboga. Kila mmoja nimempa kipande, naye akaenda akakiongeza. Sasa nasikia eti nilikula nyoka. Sikula nyoka. Nimekaa nimeandika mwenyewe, kwa hati yangu hii ya darasa la tatu, anayejua kusoma asome na asiyejua asomewe. Mambo ya tiketi na pasi waulizeni vijana. Mimi nilitia kidole pale nilipoambiwa nitie.

Kilichonipeleka ni Sidi, mjukuu wangu niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikwenda Taiwan kusomea ufugaji wa samaki, akapata mchumba huko. Kijana anaitwa Wei. Mama yake ni mjane, anauza chakula katika mji uitwao Tainan. Wanangu wa kiume, wajomba zake Sidi, walikaa kikao wakaniambia: "Mama, sisi watu hao hatuwajui. Nenda wewe. Ukila kwao, tumekubali. Ukirudi hujala, tumekataa, na Sidi akimaliza masomo arudi nyumbani."

Ndiyo desturi ya mlango wetu. Mzazi wa binti, na hata binti mwenyewe, hatii kitu cha wakwe mdomoni, hata maji, mpaka maneno yaishe. Akishakula, amemtoa binti, na hakuna kurudisha.

Malindi

Ndege ya Nairobi ilikuwa iondoke asubuhi. Tukaambiwa subirini kidogo. Kidogo hiyo ikala asubuhi yote na kipande cha mchana. Mimi nilikuwa nimevaa kanga zangu mbili na sweta la kanisani, jasho linanitiririka, na begi langu lina unga wa mahindi, nazi mbili, ndimu na pilipili, kwa maana nilijua ninakwenda mahali nisipoweza kula.

Pembeni yangu alikaa mwanamke wa bara anayeuza mitumba pale mtaa wa Kisumu Ndogo. Akaniangalia, akasema, "Cucu, unaenda Nairobi kuona watoto?"

"Mimi si cucu, mimi ni hawe, ndivyo bibi huitwa kwetu Kilifi. Na siendi Nairobi, naenda Taiwan."

"Taiwan! Kufanya nini?"

"Kuona mkwe."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Haya, hawe. Huko nasikia wanakula kila kitu."

"Wale," nikamwambia. "Mimi siendi kula."

Akafungua kikapu chake akanipa mahamri na mbaazi. Hizo nilikula, yeye si mkwe wangu. Mahamri yalikuwa magumu na nikamwambia hivyo. Akasema ameyanunua tu, kwani yeye hajui kuyapika. Nikamweleza namna ya kuuacha unga uumuke mpaka ujae bakuli, tukapitisha saa nzima kwa hilo, na ndege ikaja.

Angani

Kutoka Nairobi tulishuka Uarabuni, tukakaa kwenye uwanja mkubwa kama mji, halafu tukapanda nyingine. Hiyo ya pili ndiyo iliyonichosha. Unalala, unaamka, bado uko juu. Chakula chao huletwa kwenye visanduku vidogo kama vya wanasesere, na kila kitu kina mfuniko wake.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kitaiwan, amevaa kofia hata ndani ya ndege. Alikuwa na simu ambayo ukiongea lugha yako inatoa yake, naye akiongea yake inatoa Kiswahili, ila Kiswahili chenyewe kama cha mtu aliyelewa. Kitu cha kwanza simu iliniambia ni, "Bibi, wewe umekula?"

Nikashangaa. Chakula wametugawia sote, na ameniona nikila. Nikasema nimekula. Akaridhika, akalala. Alipoamka, "Bibi, wewe umekula?" Nikasema moyoni, huyu mzee ana usahaulifu. Akatoa mfukoni keki ndogo ya mraba, ndani imejazwa nanasi lililopikwa mpaka likawa kama jemu nzito. Nikaila. Ilikuwa nzuri sana, inayeyuka, na nanasi lina ule ukali wa nanasi la shambani. Nikamwambia kwetu mananasi tunayo, hatujawahi kufikiria kuyavika koti. Simu ikamwambia sijui nini, maana aliangalia koti lake, akalivua akanifunika.

Taipei

Pale Taipei tuliposhuka, askari wa mizigo, msichana mdogo mwenye glavu, aliitoa nazi yangu moja akaiinua juu kama mtu aliyeokota bomu. Nazi hazikuruhusiwa kuingia, wala ndimu. Nilimwambia nazi haijamkosea mtu. Akainamisha kichwa kwa adabu kabisa, akazichukua. Unga na pilipili za kusaga aliniachia. Adabu ile ilinizuia kugomba.

Nje alikuwapo Sidi. Amenenepa. Hilo ndilo la kwanza nililoliona, na nikalitia akilini. Akanipigia magoti pale pale watu wakipita. Nyuma yake kijana mrefu mwembamba mwenye miwani, mikono ameiweka mbele kama yuko kanisani. Akasema, "Shikamoo, Hawe."

Nikasema, "Marahaba." Sikuongeza neno. Mtu akifundishwa shikamoo moja hajawa mkwe.

Tulipanda gari moshi kwenda Tainan. Linakwenda mbio hata mashamba ya mpunga yanakuwa mistari. Wei alinunua visanduku vitatu vya chakula vya njiani: wali, kipande cha nyama ya nguruwe, yai lililopikwa kwenye mchuzi mweusi, na mboga. Akanipa kimoja kwa mikono miwili. Nikakirudisha. Sidi akaniangalia, nami nikamwangalia. Anajua desturi, nimemlea mimi. Akamwambia Wei maneno ya Kichina, na kijana akafanya uso wa huruma.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia tumbo lako linasumbua, Hawe."

"Tumbo langu zima."

"Najua. Lakini nitamwelezaje kwamba hutaki kula kwa sababu ni yeye?"

Nilikuwa nimechoka, nikaliacha hivyo. Na hapo ndipo mambo yalipopinda.

Tainan, kwa mama yake Wei

Mama Wei ni mwanamke mfupi, mikono yake mipana, nywele amezikata kama mvulana. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba yake, karibu na hekalu lao lenye mapaa mekundu. Hufungua kabla jua halijachomoza, na ikifika saa nne za asubuhi masufuria ni matupu. Alinishika mikono, akasema neno. Sidi akatafsiri: "Anauliza, umekula?"

Hapo nikaelewa kwamba yule mzee wa ndege hakuwa na usahaulifu. Ndiyo salamu yao. Sisi twauliza habari za asubuhi na za watoto, wao wauliza tumbo.

Sasa fikirini. Mtu ambaye salamu yake ni chakula, kazi yake ni chakula, na upendo wake ni chakula, ameletewa mkwe asiyekula. Siku ya kwanza aliniletea samaki wa kukaanga. Nikasema asante, nikaviweka chini vile vijiti vyao vya kulia. Sidi akasema tumbo. Siku ya pili akaleta supu ya kuku na tangawizi na mafuta ya ufuta, ambayo huwapa wazazi waliojifungua. Ilinukia mpaka nikameza mate. Nikasema asante. Kisha ukaja uji mweupe mtupu, na mwisho maji ya moto yenye vijiti vya mti fulani, machungu hata kwa harufu. Kila nikikataa, chakula kilizidi kuwa cha mgonjwa. Nami kila jioni nilirudi chumbani kwa Sidi kusonga ugali kwenye kijisufuria chake.

Lakini macho yangu sikuyafumba. Asubuhi moja niliketi pale kibandani nikimtazama akifanya kazi. Akafungua sanduku la barafu, akatoa samaki mrefu wa fedha, mkia umegawanyika kama mkasi. Nikasimama.

"Sidi! Huyu si mwatiko?"

"Ni mwatiko, Hawe. Hapa Tainan ndio samaki wao."

Mwatiko! Huyu huyu tunayemfuga kwenye mabwawa nyuma ya mikoko, huyu anayewashinda watu kwa miiba. Nikasogea. Mama Wei alimpasua mgongoni, akaingiza kisu chembamba, na miiba ile ikatoka mistari kwa mistari, kama mtu anafumua mshono. Tumbo, lile lenye mafuta, akaliweka kando peke yake. Aliponiona nimeinama namna ile, akanipa kisu. Nikajaribu mmoja. Nilimharibu. Akacheka, akanigonga begani, akanionyesha tena. Wa tatu alitoka vizuri.

Tukafanya kazi asubuhi ile bila lugha. Wateja wakapewa bakuli la wali uliolegea ndani ya mchuzi, vipande vya mwatiko, chaza wadogo, na majani ya figili mwitu juu yake. Alinitilia bakuli, akalisukuma mbele yangu. Nikaona uso wake umejaa matumaini, nami nikasema asante. Akaondoa bakuli. Hakucheka tena.

Mitaani

Unga uliisha. Nikamwambia Sidi, nitembeze, nile kwa watu baki.

Nawaambia kweli, kule mtu halazimiki kuwa na jiko. Barabara zote zinapika. Tulikula mkate mweupe laini uliopikwa kwa mvuke, umekunjwa kama mdomo, ndani nyama ya nguruwe iliyochemka mpaka inatetemeka, na njugu za kusaga zenye sukari juu yake. Njugu na nyama! Niligomba kwanza, halafu nikaomba wa pili. Tulikunywa chai ya maziwa baridi yenye vidonge vyeusi chini, unavivuta kwa mrija mnene. Sidi akasema, "Tafuna, Hawe, ni muhogo." Muhogo wetu huu! Wameukoroga unga wake, wakaufanya gololi. Nilizitafuna zote nikiwasikitikia wanangu wanaosema muhogo ni chakula cha shida.

Kuna kitu kinanuka. Usiulize kama kinanuka, utakisikia toka kona ya mbali kama choo cha stendi. Ni soya iliyogandishwa, ikachachushwa, ikakaangwa. Watu wamepanga foleni. Nilikula kipande kimoja nikiwa nimeziba pua, na mdomoni hakikuwa kibaya, lakini pua yangu haikunisamehe. Kuna na mkate mnene wa kukaangwa, umechimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maziwa na kamba, kisha ukafunikwa kwa kipande chake. Nikauliza unaitwaje. Sidi akasita. "Unaitwa jeneza, Hawe."

"Nani kafa?"

"Hakuna. Ni umbo lake tu."

"Rudisha. Mimi sili jeneza nikiwa safarini."

Wapishi wenyewe ni watu wa mizaha. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa ishara kama nywele zangu ni zangu. Nikamuuliza kama meno yake ni yake. Akayatoa akanionyesha! Tukashikana mikono kwa kucheka. Huyo ndiye aliyekuwa anauza kimanda cha chaza, mayai na chaza na majani, kimefungwa na unga unaovutika, mchuzi mtamu mwekundu juu. Kibanda chake kiko mtaa wa pili kutoka kwa Mama Wei. Nilikula sahani nzima, nikalamba na kidole, nikaomba nyingine.

Nilipoinua kichwa, Mama Wei alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mkononi ana kifurushi cha majani ya dawa. Dawa ya tumbo langu.

Aliinamisha kichwa kidogo, kama yule askari wa nazi, akaenda zake.

Kibanda kilichofungwa

Kesho yake asubuhi Wei alikuja kwa Sidi. Walizungumza mlangoni, na nikasikia sauti ya mjukuu wangu inakatika. Akaingia, akaketi kitandani.

"Mama yake hajafungua leo, Hawe. Tangu mume wake afariki hajawahi kufunga. Amemwambia Wei, yule mama anakula kwa kila mtu ila kwangu. Anaona chakula changu ni kichafu, au ananiona mimi ni mchafu. Ikiwa ni hivyo, Sidi asiolewe hapa akaja kuteseka katikati yetu. Anasema ni afadhali iishe."

"Na Wei anasemaje?"

"Amekaa nje kwenye ngazi."

"Na wewe?"

Akaniangalia. Ana macho ya mama yake. "Mimi nimenyamaza kwa ajili yako tangu ulipofika, Hawe. Nikisema, utasema nimeshaamua."

Nitawaambieni ukweli, njia ilikuwa nyeupe mbele yangu. Ningerudi nyumbani nikasema, wao wenyewe wamekataa, na Sidi angerudi Kilifi akae karibu nami mpaka mnizike. Sikuhitaji kufanya lolote ila kufunga begi. Lakini hawa hawakukataa. Waliuliza swali, na hakuna aliyewajibu.

Nikajifunga kanga. "Twende. Utasema ninachosema, neno kwa neno. Ukitia la tumbo tena nitakupiga mbele ya wakwe."

Meza tupu

Tulimkuta Mama Wei ndani, ameketi, na meza imejaa. Hata na hasira zile alikuwa ameandaa: wali, samaki, mboga, matunda yaliyomenywa. Nikamwambia kupitia kwa Sidi: "Mama, tumbo langu halina ugonjwa. Chakula chako nimekinusa tangu nilipofika, na usiku nakiota. Lakini kwetu, nikila kwako nimekupa huyu mtoto. Siwezi kukupa kabla hatujaongea. Kwetu ni maneno kwanza, chakula baadaye."

Sidi alitafsiri neno kwa neno. Mama Wei akasikiliza, kinywa wazi. Akajibu, na Sidi akaniambia: "Anasema, kwao hawawezi kuongea jambo kubwa na mtu mwenye njaa. Ni chakula kwanza, maneno baadaye. Alikuwa anangoja ule ndipo aongee."

Tulitazamana, watu wazima wawili. Halafu yule mwanamke akasimama. Akaondoa wali. Akaondoa samaki, mboga, matunda, hata birika la chai. Wei akataka kusaidia, akamsukuma. Akaifuta meza kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akaketi mbele yangu na mikono mitupu juu yake. Nikaona kwamba jambo hilo lilimuumiza, kumkalisha mgeni kwenye meza tupu. Alilifanya.

Tukaongea. Nikauliza: "Akiugua, nani atamwuguza?" Akasema: "Alikwisha ugua. Baridi ya kwanza alikuja hapa anatetemeka, hajui neno moja. Alikula bakuli tatu, akaviosha vyombo vyote kabla ya kuondoka. Kesho yake hakuja. Nilimtafuta mpaka nikamkuta na homa, nikampelekea uji mpaka akasimama. Wakati huo mwanangu alikuwa kazini mji mwingine, hawajajuana."

Nikamgeukia Sidi. "Umekula hapa?"

"Miaka miwili, Hawe."

"Na desturi?"

"Nilikuwa na njaa, Hawe."

Nikauliza mengine, juu ya watoto na kanisa na kuja nyumbani, naye akajibu moja moja, na mengine akasema hajui. Nilipenda aliposema hajui. Kisha akaniuliza yeye: "Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee. Siku wakitaka kuishi kwenu, mtamlisha nini?"

"Ugali na mwatiko."

"Wenye miiba?"

"Wenye miiba. Atajifunza."

Wei, aliyekuwa amesimama ukutani, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Mimi nitajifunza, Hawe." Ndilo neno lake la pili kwangu tangu nifike, na safari hii hakuwa amefundishwa na mtu.

Maneno yakaisha. Mama Wei hakuinuka, hakutaka kunisukuma. Ikawa ni juu yangu. Nikamwambia Sidi, "Mwambie nina njaa."

Akaenda jikoni mbio kama msichana. Akarudi na bakuli moja, wali kwenye mchuzi, na juu yake lile tumbo la mwatiko lenye mafuta, zima. Akaniwekea, akaketi. Sidi akatoka nje akalia, sikumfuata, hiyo ilikuwa haki yake.

Nilikula polepole. Mchuzi ulikuwa mwepesi, una tangawizi, na samaki alikuwa mtamu, laini, bila mwiba hata mmoja wa kunipa sababu ya kusimama. Nilijua nikifika chini nimekwisha mtoa. Nikafika chini. Mama Wei akanyoosha mkono kwa ishara, nikuongeze?

Nikamsogezea bakuli.